Mbwa akilamba bila kukoma, tazama kwanza ulimi unagusa wapi

Nilidhani ni bomba linavuja. Ilikuwa saa tisa usiku, kumi la mwisho la Ramadhani, nami nimeamka kwa ajili ya daku. Chwa, chwa, chwa, kutoka barazani. Nikatoka na tochi, nikamkuta Kusi amesimama kichwa chini, analamba saruji. Hakukuwa na kitu kilichomwagika. Alilamba mahali pamoja mpaka pakalowa, akasogea hatua, akaanza upya. Nilipomwita alinitazama, akatikisa mkia, kisha akarudi kwenye saruji yake.

Mimi ni mtunza nyumba huku Casuarina, Malindi, mwaka wa 11 sasa. Wenye nyumba huja miezi michache ya kaskazi; iliyobaki tuko mimi, kijana wa bustani na mbwa. Kusi ni mbwa jike wa kienyeji, kilo 22. Aliingia uani akiwa kitoto, upepo wa kusi ukivuma, akapata jina. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Mambrui, nimelelewa katika nyumba ambayo mbwa havuki kizingiti, kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyapata nyumbani. Nimeyapata kwa kukosea, kwa kuuliza, na kwa daktari mmoja wa mifugo aliyenivumilia. Nawaandikia walinzi na watunza nyumba wenzangu. Mbwa tunaokesha nao si wetu kwa jina, lakini wakiumwa ni sisi tunaowaona kwanza.

Makosa yangu nayasema wazi ili mtu mwingine asiyarudie. Jirani, mama mtu mzima, aliniambia, "Mwanangu, huyo ana hamu ya chumvi. Mpe chumvi ya mawe." Nikampa. Akanywa maji mengi, akatapika. Kisha nikapaka pilipili kwenye saruji. Akahamia ukutani. Usiku wa nne nikamfokea na kumfunga mnyororo, naye akalamba mnyororo. Hapo ndipo niliposhika simu.

Daktari alifika asubuhi. Nikaanza kumweleza habari za chumvi na pilipili, akanikatiza kwa upole: "Kaka, kabla hujaniambia umempa nini, niambie analamba saa ngapi, na mara ya mwisho alikula saa ngapi."

Jibu la swali hilo lilikuwa mikononi mwangu muda wote. Ilipokuwa Ramadhani, Kusi alikula mabaki ya futari: sambusa, viazi vya nazi, ngozi ya samaki wa kukaanga. Alikula mara moja tu, saa nne au saa tano usiku, bakuli zima, na hakuona kitu tena mpaka kesho yake. Mafuta mengi, viungo, na vitunguu ambavyo kwa mbwa ni sumu hata vikiwa vimepikwa, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu. Saa tisa tumbo lilikuwa likimchoma. Ulimi kwenye saruji ndiyo ilikuwa njia yake ya kukabiliana na kichefuchefu.

Anapolamba sakafu, ukuta au nguo

Kwa hiyo ukimwona mbwa analamba vitu ambavyo si chakula wala si mwili wake, fikiria tumbo kabla ya kufikiria tabia. Daktari alinieleza kwamba mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha uchunguzi wa mbwa 19 waliokuwa na mtindo huu wa kulamba sakafu, kuta na viti. Walipopimwa, 14 kati yao walikutwa na maradhi katika tumbo au utumbo. Wenye mbwa hao nao walidhani ni mazoea tu.

Dalili zinazofuatana na tumbo ni hizi: anameza mate kila mara ingawa hana kitu mdomoni, analamba midomo yake, anakimbilia majani na kuyala kwa pupa, tumbo linanguruma, na mambo huzidi alfajiri likiwa tupu. Ukiona mawili matatu kati ya hayo, na mbwa bado ana nguvu, anakunywa na kutembea vizuri, badilisha chakula siku tatu. Wali laini kabisa na kuku wa kuchemsha aliyetolewa ngozi na mifupa, bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta. Kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, na mlo mdogo wa mwisho karibu na wakati wa kulala. Mlo huo wa mwisho ndio uliomsaidia Kusi kuliko yote. Daktari alimpa pia dawa ya minyoo na vidonge vya kupunguza asidi, kwa kipimo cha uzito wake. Wiki ya pili alilamba mara mbili tu. Wiki ya tatu nililala mpaka adhana.

Usisubiri siku tatu ikiwa anatapika tena na tena, kinyesi ni cheusi kama lami au kina damu, au amekonda. Na akijikamua kutapika asitoe kitu huku tumbo limevimba na kuwa gumu kama ngoma, huyo ana saa chache tu, mpeleke wakati huo huo hata kama ni usiku.

Kuna sababu moja nyepesi ambayo watu huiruka: kiu. Sote tumesimuliwa madrasa hadithi ya mtu aliyetoka kisimani akamkuta mbwa anahema, anakula udongo wenye unyevu kwa ajili ya kiu, akashuka tena akajaza kiatu chake maji akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa yule alikuwa analamba ardhi. Nilipokuwa mdogo niliisikia kama kisa cha huruma. Sasa naisikia pia kama maelezo ya ugonjwa. Mbwa wa kilo 20 na kitu anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku, na joto la kaskazi likishika anahitaji zaidi. Visima vyetu vingi karibu na bahari vina chumvichumvi, na mbwa huonja tu na kuacha. Mwekee maji matamu, mahali penye kivuli, kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua.

Anapojilamba nyayo

Hapa Pwani, mbwa akilamba wayo, la kwanza nafungua vidole vyake kimoja kimoja kwenye mwanga wa jua. Natafuta mwiba, mkato wa jiwe la matumbawe, kupe aliyejificha kati ya vidole, na vile vikoni vigumu vya mvinje vinavyotapakaa kwenye uwanja wetu. Halafu natafuta funza.

Funza kwa mbwa, wengi hawamjui; wanadhani ni shida ya watoto wasio na viatu. Jike lake huingia kwenye ngozi ya wayo au kando ya kucha, hujaa mayai mpaka kuwa kama punje ya njegere, nyeupe yenye doa jeusi katikati. Mbwa hulamba na kutafuna hapo bila kupumzika. Usimchokonoe kwa pini. Utaacha kipande ndani, kitaoza, na mbwa hatakupa wayo wake tena. Mpeleke apewe dawa ya kuua wadudu inayofaa mbwa, kisha shughulikia anapolala: funza hukua kwenye mchanga mkavu wenye kivuli, kama ule wa chini ya banda. Sisi tulitoa mchanga, tukaweka sakafu ya saruji, na mkeka wake unaanikwa juani. Mbwa mwenye funza huwaambukiza watu wa nyumbani, basi kagua na miguu ya watoto.

Ikiwa nyayo zote nne zinalambwa, ngozi kati ya vidole ni nyekundu, na masikio nayo yanawasha na kunuka, hapo kuna uwezekano wa mzio au fangasi. Manyoya meupe yakigeuka rangi ya kutu, hiyo si damu. Mate ya mbwa yana kitu kinachotia rangi, maana yake amelamba kwa muda mrefu. Baada ya kutembea ufukweni msuuze miguu kwa maji matamu na umkaushe vizuri kati ya vidole. Nusu ya malalamiko ya Kusi ya mwezi wa Januari huishia hapo. Mzio wenyewe ni kazi ya daktari, na ni safari ndefu.

Kiunoni, mkiani na nyuma

Akigeuka ghafla kujitafuna pale mkia unapoanzia, shuku viroboto. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vidonge vyeusi vikianguka na kuacha rangi nyekundu ya kahawia kwenye kitambaa, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyomeng'enywa. Viroboto hao hao ndio wanaoleta minyoo ya vipande kama punje za mchele unaowaona kwenye kinyesi. Malindi na Lamu ni miji ya paka, kwa hiyo shika hili: dawa ya mbwa yenye permethrini huua paka. Usimpake paka hata tone, wala usiwaache walale pamoja kabla dawa haijakauka.

Akilamba njia ya haja na kujiburuta kwa makalio, mara nyingi ni tezi mbili za kando ya njia ya haja zilizojaa. Daktari huzikamua kwa dakika chache. Dume au jike anayelamba uchi wake huku akidondosha matone ya damu anaweza kuwa na ule uvimbe unaoambukizwa wakati wa kupandana, ulio kama ua la koliflawa. Unatisha kwa macho, lakini hutibika kwa sindano za kila wiki za vinkristini, dawa ya saratani, na walio wengi hupona kabisa. Jike aliyetoka kwenye joto wiki chache zilizopita, sasa analamba sana huku nyuma, anakunywa maji mno na hana hamu ya chakula, kizazi chake kinaweza kuwa na usaha. Huyo hafai kungoja kesho.

Kidonda cha mguu wa mbele

Mwaka uliofuata Kusi alianza jambo jingine. Walikuja wageni wenye watoto wanaoogopa mbwa, nikaambiwa nimfunge mchana kutwa nyuma ya nyumba. Sikupinga, na ningepaswa kupinga. Siku ya tisa nikaona mguu wa mbele wa kushoto, juu kidogo ya wayo, umenyonyoka manyoya. Siku ya 14 ngozi ilikuwa nene, ngumu, ina kidonda cha duara kama sarafu, nao ulimi hautoki hapo.

Kidonda cha namna hii hujilisha chenyewe. Mbwa analamba kwa upweke, au kwa maumivu ya kiungo, au kwa mwiba wa zamani. Ngozi inachubuka, vijidudu vinaingia ndani, panawasha, analamba zaidi. Ukitibu ngozi ukaacha sababu, kitarudi. Ukiondoa sababu ukaacha ulimi uendelee, hakitafunga. Inabidi kufanya yote mawili, na dawa za vijidudu kwa kidonda kilichozama hutolewa kwa wiki nyingi. Watu huacha wiki ya pili kwa kuona pamekauka. Maliza dozi.

Kinga ya ulimi niliitengeneza mwenyewe, maana ya dukani ilikuwa ndogo. Chukua ndoo ya plastiki ya mafuta ya kupikia, ya lita 10, ioshe kwa sabuni mpaka harufu iishe. Kata kitako kwa tundu linalotosha shingo na vidole vyako viwili. Kipande cha mpira wa kumwagilia bustani ukipasue kwa urefu, ukivishe kwenye ukingo uliokatwa ili usimchane. Toboa matundu manne karibu na ukingo huo, pitisha vitambaa vya kanga kuukuu, funga kwenye mkanda wake wa shingo. Mdomo wa ndoo upite pua kama vidole vitatu. Ukizidi sana hataweza kutembea, punguza. Kisha toboa matundu mengi ubavuni kwa msumari wa moto na uyalainishe, kwa sababu ya joto letu. Bila upepo kichwani mbwa huhema mpaka achoke. Wakati wa kula mvue, kaa naye, mvishe tena. Kila jioni mkague shingo. Siku ya kwanza Kusi aligonga kila mlango; siku ya tatu alilala nayo kama mto.

Kidonda chenyewe nilikisafisha mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Marhamu ya binadamu sikupaka, kwa kuwa chochote unachompaka mbwa kwenye mguu umekwishamlisha, na marhamu yenye zinki humdhuru.

Upande wa upweke nilimweleza mwenye nyumba kwa simu, waziwazi. Tukakubaliana: wageni wanapokwenda ufukweni Kusi anafunguliwa, na saa kumi na mbili asubuhi, mchanga haujapata moto, tunatembea saa nzima. Ugali wake wa asubuhi siuweki bakulini. Naufinyanga vidonge na dagaa waliochemshwa, navificha kwenye nyasi, chini ya minazi, nyuma ya mapipa. Anavitafuta dakika 20 kwa pua. Mguu ulifunga kabisa baada ya miezi miwili.

Anapolamba midomo na hewa

Kulamba midomo mbele ya mtu anayemwinamia au kumfokea ni woga. Rudi nyuma, geuza uso, nyamaza. Kulamba midomo huku anakula upande mmoja ni jino. Msimu wa masika, mbwa akitoka bustanini ghafla anatoa povu na kulamba hewa, huenda amemng'ata chura: futa fizi na ulimi kwa kitambaa chenye maji, suuza mdomo pua ikielekea chini ili maji yasiingie mapafuni, kisha mwone daktari.

Na ikiwa analamba hewa macho yamekodoa, ukimwita kwa jina na kugonga bakuli lake hageuki, kisha baada ya dakika moja mbili anazinduka kama aliyepotea, inaweza kuwa kifafa cha sehemu ya ubongo. Usimshike mdomo. Ondoa vitu karibu naye, hesabu dakika, piga video.

Video ni msaada mkubwa kwa kila aina ya kulamba. Mbwa akifika kwa daktari huacha kulamba, na wewe unabaki kueleza kwa mikono. Piga sekunde 30, mwili mzima uonekane. Mimi pia nina daftari la shule: saa, mahali, muda, alikula nini, nilipomwita aliacha au la. Kwa siku tano tu mchoro wa ugonjwa hujitokeza.

Vitu nisivyovitaka uani

Oili chafu ya gari kwa upele: mbwa huilamba yote, na madhara yake huenda kwenye ini na figo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa makadirio: yenye amitrazi ikizidi humlaza mbwa, moyo ukaenda polepole na mwili ukapoa. Panadol, Brufen na diklofenaki za kwenye droo yako: hizi mbili za mwisho hutoboa tumbo na kuharibu figo, na Panadol huharibu ini. Nimewahi kumsaidia mwenzangu kuzika mbwa mzuri aliyepewa diklofenaki kwa mapenzi tu, siku nne mfululizo.

Kichaa cha mbwa

Mbwa anayelamba au kutafuna mahali alipowahi kung'atwa, huku amebadilika, mkali au mpole kupita kawaida, sauti imekwaruza, mate yanamtoka na hawezi kumeza, usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Wengi wamejiingiza hatarini kwa kudhani mbwa amekwamwa. Mfungie mahali salama bila kumgusa na uiarifu ofisi ya mifugo. Virusi vimo kwenye mate, na kulambwa kwenye mchubuko, jichoni au mdomoni kunatosha. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa. Sehemu yetu watunza nyumba ni chanjo ya kila mwaka na kadi yake mahali panapoonekana.

Ndugu zangu wa Mambrui huniuliza nawezaje kumshika mbwa mwenye kidonda na bado nikaenda msikitini. Nina shati la kazi hiyo, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya jiko, na glavu za daktari ziko mfukoni mwake. Vyombo vya Kusi haviingii ndani. Chombo chetu akikilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Namaliza kumkagua kabla ya alasiri, naoga, natia udhu. Yeye mwenyewe ameshalijua shati lile. Nikilitoa tu msumarini, hutangulia kwenye bomba la bustani, akakaa, akainua mguu wa kushoto.